Tulitumwa Kitengela kusoma siasa za ardhi, tukajikuta upande wa Mama Nashipae

Wakuu, nawasalimu nyote, wa kusoma kimya kimya na wa kubishana mpaka asubuhi.

Hii ni stori yangu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha kwa sababu baadhi yetu bado tunakutana sokoni. Mengine yote ni vile yalivyokuwa.

Mimi nimelelewa Kitengela. Wazazi wangu ni wa Kakamega, ila baba alikuwa karani kwenye kiwanda cha saruji huko Athi River, tukapanga nyumba Kitengela. Miaka ya tisini mwanzoni Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga. Nyuma ya nyumba yetu hakukuwa na nyumba nyingine. Kuna asubuhi tulichelewa shule kwa sababu nyumbu walikuwa wanapita, na mwalimu hakutupiga, maana yeye pia alikuwa amengoja wapite.

Watoto wangu nikiwaambia haya wananiangalia tu. Wanaona ghorofa mpaka mwisho wa macho.

Basi mwisho wa miaka hiyo nikawa chuoni Nairobi. Kulikuwa na kozi moja ambayo hamsomi somo moja. Mnachukua eneo moja la nchi, mnalisoma kwa masomo kadhaa kwa pamoja: historia, political science, anthropology, uchumi. Mwalimu wetu, tuliyemwita Daktari, alikuwa na msimamo kwamba huwezi kuelewa watu wanavyopiga kura kama hujui wanaoana vipi na wanazikana wapi. Nilimpenda sana yule mzee, ingawa baadaye tulikosana.

Tukatumwa watatu Kajiado, kati ya Kitengela na Isinya, na swali moja: kwa nini Wamaasai wanauza ardhi?

Mimi nilishika historia. Mutua, Mkamba wa Machakos, alishika political science. Kerubo kutoka Kisii alishika anthropology. Uchumi tuligawana, na kitu cha wote mnajua huishia wapi.

Siku za kwanza tulienda boma kwa boma tukiuliza: una watoto wangapi, una ng'ombe wangapi? Kumbe huko mtu hataji hesabu ya watoto wala ya ng'ombe wake, ni kama kuwaitia balaa. Boma la kwanza tukajibiwa, "Wako." La pili, "Wako." Mutua akaandika kwamba wananchi hawatoi ushirikiano. Kerubo ndiye aliyetushtua. Akafuta hayo maswali, akaanza kuuliza ng'ombe kwa rangi zao na watoto kwa majina yao. Hapo watu wakafunguka mpaka tukakosa karatasi.

Aliyetupa ruhusa ya kufanya kazi pale alikuwa Mzee Koinet, mtu mwenye sauti kwenye lokesheni. Alituweka kwa boma la Mama Nashipae, mjane wa mdogo wake.

Wakuu, sijawahi kukaa mahali pazuri kama pale. Asubuhi baridi ya nyanda za Kaputiei, moshi, maziwa ya kibuyu yenye harufu ya mti uliochomwa. Mama Nashipae alikuwa anatucheka tukijaribu kusalimia Kimaa. "Sopa," anasema. Mutua, badala ya kuitikia "Epa," anarudisha "Sopa" kila siku, na kila siku mama anacheka upya.

Sasa elewa hivi. Zamani ardhi ile ilikuwa ya kundi zima. Ilipogawanywa ili kila familia iwe na title, mume wa Mama Nashipae alikuwa ameshafariki. Sehemu ya ndugu hao wawili ikaandikwa jina la Mzee Koinet, awashikie wote. Mzee alikuwa ameshauza upande wa barabarani. Kilichobaki upande wa familia ya mdogo wake ni pale mama alipokuwa anaishi na kuchunga.

Siku moja Mutua alirudi kutoka Kajiado mjini na habari. Karani mmoja alikuwa amemwambia katika maongezi tu kwamba Alhamisi bodi ya ardhi, ile inayokubali au kukataa mtu kuuza shamba, itasikiza ombi la Mzee Koinet. Anauza hapo tulipolala. Mama hakuwa anajua.

Daktari alikuwa ametuonya: mtafiti anaangalia, haingilii. Tukisema, mzee atatufukuza, utafiti unakufa katikati, na graduation inatupita. Mutua alisema sisi ni wageni, na mgeni hafungui mdomo kwa mambo ya shamba la wenyewe. Kerubo akasema tumekunywa maziwa ya huyu mama wiki hizi zote, tutamwangalia vipi?

Mimi sikulala vizuri. Asubuhi nikamfuata akikamua, nikamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaa.

"Yeyo, Alhamisi bodi inakaa Kajiado. Mzee anauza hapa."

Hakugeuka. Alimaliza kukamua yule ng'ombe.

"Hapa wapi?"

"Hapa tumesimama."

Kisha akaniuliza, "Na sasa umeniambia, wewe utalala wapi?"

Mpaka leo nikikumbuka hilo swali roho yangu inalainika.

Tukabaki kubishana kama wasomi, mama ataweza kupinga au la. Mutua alisema bodi haitamsikiza, jina lake haliko kwa title. Kerubo alisema hatasema kitu, mke hawezi kumpinga kaka mkubwa wa mume wake mbele ya wazee. Mimi na historia yangu nikasema anayepinga hushindwa. Kila mmoja alikuwa na sababu zake nzuri.

Alhamisi sisi watatu tulikuwa Kajiado, na mama akaja na wanawake wa pale jirani. Walikaa nje kwa nyasi wakingoja. Ombi la mzee lilipoitwa, wote wakaingia, kila mmoja ameshika nyasi mkononi, wametoa hapo hapo nje.

Kwa Wamaasai nyasi ndiyo uhai wa ng'ombe. Mtu akikuomba huku ameshika nyasi, kumkatalia ni kujitafutia laana. Kerubo alikuwa ametueleza, lakini mimi nilidhani ni mambo ya watoto wanaong'oa nyasi kukwepa kiboko.

Mama Nashipae hakuangalia bodi. Alisimama mbele ya shemeji yake, akamnyooshea zile nyasi, akanyamaza. Mwenyekiti akauliza huyu mama anasema nini.

Mzee Koinet ndiye alijibu.

"Hajasema kitu. Lakini mimi siwezi kuendelea. Futeni hilo ombi."

Kwa hivyo Kerubo alikuwa sawa, mama hakusema kitu.

Jioni mzee alishajua nani alipeleka maneno. Akatuambia kwa upole tufunge mizigo. Daktari alikasirika, akatupeleka Tuala, sehemu nyingine ya Kajiado, kuanza upya, na nilihitimu mwaka mmoja nyuma ya wenzangu. Baba yangu aliumia sana, maana alikuwa ameshawaambia watu wa kanisa.

Miaka ya elfu mbili ikaja na kelele zake. Kwari za mawe, ploti, fensi, nyumbu wakapotea. Mzee Koinet akauza sehemu yake mwenyewe mpaka ikaisha, na ukame ukamalizia ng'ombe.

Siku moja nilimpelekea Mama Nashipae sukari, nikakuta mzee ameketi karibu na zizi la ndama. Mama alikuwa amemjengea nyumba pale. Nikamuuliza pembeni, yeyo, huyu si ndiye?

"Ningempeleka wapi? Hapa ni kwao."

Mzee akaniita. "Wewe ndiye ulinichomea."

"Ni mimi, mzee."

Akanitazama sana, kisha akanisogezea kigoda, akaagiza chai.

Alifariki baadaye kidogo. Amezikwa pale pale alipotaka kuuza, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshika koleo.

Funzo langu ni hili wakuu: yale masomo yote yalitusaidia kuona, siwezi kuyadharau. Lakini hakuna lililonitayarisha kuona mtu akimzuia shemeji yake leo na kumpa makao kesho. Nimeikumbuka sana Kitengela ile.

Waliokuwa Kajiado enzi hizo waje waongeze. Na kama wewe ungekuwa mimi, umeambiwa usiingilie, ungemwambia mama au ungenyamaza?