Jiwe Chini ya Gurudumu

Harufu ya mpira unaoungua, ikichanganyika na ya majani mabichi yaliyokatwa, hunirudisha Usa River, kwenye shamba la kahawa la shirika la umma alikofanya kazi baba yangu. Nyumba ya wageni ya shamba ilikuwa na bustani pana iliyoteremka kwa ukali hadi mtoni, na baba ndiye aliyekata nyasi zake kwa trekta dogo. Miaka ile vipuri vilikuwa adimu kuliko sukari. Springi ya klachi aliitoa kwenye kitanda kibovu, na breki alizibandika vipande vya ngozi. Siku moja ngozi ile ilishindwa kazi, trekta likajiondokea lenyewe hadi mferejini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: tangu hapo, kila aliposhuka, baba aliokota jiwe na kulisukumia chini ya gurudumu. Hakuna aliyemcheka, maana hata malori ya shamba yaliegeshwa hivyohivyo.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa kwa watu binafsi, na shamba likauzwa kwa mwekezaji. Ilisemekana watakaobaki kazini ni wale ambao mashine zao zitakutwa nzima. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya shamba, kwa hiyo kazi ikienda, na sisi tunaondoka. Mama aliacha hata kupalilia migomba ya uani, akisema hajui atakayekula ndizi zake. Mimi nilishikwa na hofu ya kitoto iliyoninyima usingizi.

Madukani mjini vipuri vilikuwa vimeanza kujaa, na baba akarudi na springi mpya na breki mpya. Alasiri ile alilala chini ya trekta na spana yake, na mama, khanga kiunoni, akapanda kitini kumkanyagia pedali. Ilikuwa pedali moja: ukiikanyaga nusu, mkanda unalegea na magurudumu yanaachwa huru, ukiimaliza, breki zinashika. Baba alikaza nati kidogo, akaomba pedali ikanyagwe, akailegeza nati, akaikaza tena, huku akimtania mama kwamba mguu wake ni mzito kuliko wa karani wa shamba. Mwishowe walivuta hendibreki, wakalisukuma trekta wote wawili kuelekea mteremkoni. Halikusogea. Mama alicheka, na nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Kesho yake baba aliteremsha trekta katikati ya mteremko, akakanyaga, nalo likasimama hapohapo. Akavuta hendibreki, akashuka. Mazoea yana taabu: mkono wake uliokota jiwe kabla yeye mwenyewe hajajua. Meneja mpya, kijana aliyetoka Dar es Salaam, alitoka ndani ya nyumba ya wageni wakati huo, akaliona.

"Mzee," alisema kwa upole, "breki zingekuwa nzima, usingeweka jiwe."

Mama, aliyesimama nami kando ya ua, alisema kwa sauti ya chini, "Baba Anna, litoe aone."

Baba aliinama. Alishika ukingo wa jiwe, akabaki ameinama hivyo kwa muda, kisha akasimama mikono mitupu. Meneja alishaelekea kwenye mashine za kumenyea kahawa. Nilimkasirikia baba siku ile kama sijawahi kumkasirikia mtu. Mwezi haukuisha tukawa tumehamia chumba cha kupanga Kimandolu, mjini Arusha.

Leo Arusha ina vipuri vya kila aina, na mafundi wake ni vijana ambao hawajawahi kukosa springi. Nami nina gari. Jumapili humchukua baba, ambaye sasa ni mzee sana, kwenda ibadani Tengeru, naye hukaa kiti cha mbele. Kila tunapoanza kuteremka, mguu wake wa kulia hukandamiza sakafu mpaka goti linatetemeka. Nami humwambia, "Baba, breki ni nzima."

"Najua, mwanangu," hunijibu, na mguu hauondoi.