Viwavi kwenye Sukuma ya Nyaduoth

Nyaduoth, Mnuer kutoka Sudan Kusini, aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, bila kupanda chochote. Alisema mtu hapandi mahali anapopita. Mwaka 2012 alibadili nia, akapanda sukuma wiki nyuma ya nyumba na kuimwagilia maji aliyooshea vyombo.

Baada ya mvua viwavi walivamia. Asubuhi moja alikuta majani yametobolewa yote, akaanza kung'oa miche kwa hasira.

“Using'oe, dada,” sauti ilisema kutoka upande wa pili wa ua wa miiba. “Moyo wa mche bado mzima.”

Alikuwa Nyabol, jirani yake Mdinka. Watu wao walikuwa wamepigana sana, kwa hiyo wawili hao hawakuwahi kuzungumza zaidi ya salamu.

Nyabol alikuja na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa kwenye maji ya sabuni. Waliokota viwavi, wakaponda mayai yaliyojificha chini ya majani, kisha wakanyunyizia dawa ile.

Miche michache ilikufa, mingine ikachipua. Waliendelea kukagua majani pamoja kila asubuhi, hata siku ambazo hawakuona kiwavi.