Kompyuta Zimeelewana, Bado Wenyewe

Juzi hospitalini Tukuyu fundi alibandika mchoro wa visanduku na mishale: safari ya mgonjwa, kutoka kwa daktari hadi dirisha la dawa.

"Kompyuta za vyumba hivi zilikuwa hazielewani," alitutangazia. "Tumezipa lugha ya katikati."

Bibi mmoja kutoka kijiji cha Suma, mgongoni mjukuu mwenye homa, akadakia: "Kama mimi Mnyakyusa na daktari Mhaya. Tunakutana kwenye Kiswahili!"

Daktari akaandika dawa ya mtoto kwenye kompyuta yake, akabonyeza. Huko dirishani mfamasia akapiga kelele: "Imefika!" Foleni nzima tukashangilia. Bibi akapewa dawa bila kujieleza upya.

Kisha daktari na mfamasia wakapishana mlangoni, kila mmoja akatazama pembeni. Kwetu Rungwe hata adui husalimiwa.

Bibi akanigusa bega. "Mwite fundi. Bado hawa wawili."