Nilizima Sauti ya Simu

Mimi ni mtu wa kukaa ndani. Korona ilipofanya mtihani wa lugha ya alama ufanyike kwa video badala ya Shinyanga mjini, nilichinja kuku. Kama ningefaulu, ningepata kazi ya ukalimani kwenye zahanati hapa Maganzo.

Siku hiyo nikavaa blauzi ya kanisani juu na kanga chini, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Nyuma ya simu alikaa dada yangu Kabula, ambaye ni kiziwi na ndiye aliyenifundisha.

Mtahini alikuwa mzee aliyenuna. Nilimjibu vizuri tu. Akaniashiria nisubiri, akainamia karatasi zake. Umbeya ukanishika. Nikazima sauti ya simu ili asitusikie, nikamwambia Kabula kwa mikono: “Mwone huyo baba, kama ng’ombe aliyenyimwa chumvi!” Na pembe nikamwekea.

Kabula alicheka mpaka akashika mbavu. Alipochungulia kioo cha simu, ghafla akakinyooshea kidole.

Mtahini alikuwa ananitazama. Akaongea kwa mikono, polepole, kama anayemfundisha mtoto:

“Binti, mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa. Hiyo sauti umemzimia nani? Halafu alama ya chumvi umeikosea. Hebu rudia.”