Bega la Riziki

Harufu ya mti mbichi unaochongwa ndiyo ninayoikumbuka kabla ya kitu kingine chochote: kali kidogo, yenye utamu, imechanganyika na moshi wa maharagwe ya Mama. Papa alichongea nyuma ya nyumba yetu, Lushebere, asubuhi kabla ya kwenda shambani na jioni akirudi. Alikuwa mtu wa msitu wa Walikale aliyeoa Masisi, na kwao walijua kuchonga watu. Huku aliombwa vinu, michi na viti, basi akachonga hivyo. Mimi nilimshikia majani ya msasa ya kulainishia mti, mpaka vidole vikawaka.

Miaka michache kabla ya uhuru, dada yangu Riziki alikufa kwa homa ya kifua. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, mimi tisa. Hatukuwa na picha yake. Baada ya matanga Papa alikaa wiki nyingi bila kushika tezo wala kuchonga, halafu siku moja akaanza kuchonga msichana aliyeketi, kapu juu ya magoti. Hakusema ni nani. Lakini bega la kushoto lilikuwa chini kidogo kuliko la kulia, na Riziki alikuwa hivyo kwa sababu ya kunibeba mimi. Mama alipoiona sanamu ile aliingia ndani akafunga mlango.

Kila kiangazi kulikuwa na maonyesho Masisi, kwenye uwanja mbele ya ofisi ya serikali. Kazi zilipangwa nje, juu ya majani ya migomba: viti, ngoma, vyombo vya maziwa vya wafugaji, na sanamu chache kutoka upande wa Walikale. Kwangu siku hiyo ilikuwa nzuri kupita Noeli. Nilipenda kutembea polepole kati ya mistari ile, nikiangalia jua likisogea na kuhamisha vivuli mashavuni mwa sanamu. Watu wazima walisimama nyuma ya ua wa matete. Watoto ndio waliokaa karibu na kazi za wazazi wao kufukuza mbuzi. Mchana, mkubwa wa serikali alipita na karani wake akichagua vitu vya kupeleka mbali. Aliyechaguliwa alipewa chumvi, na kijiji kilimsifu mwaka mzima. Asiyetaka kitu chake kiende alikifunga ukanda wa mgomba mkavu, kama tunavyofunga kwenye shamba lenye mwenyewe, na karani aliheshimu alama hiyo.

Papa alimfunga Riziki ukanda shingoni. "Wamuone tu," aliniambia. "Magaribi, jua likishuka, tunarudia naye nyumbani."

Kando yangu alikaa msichana wa kijiji cha Kirolirwe na chombo cha maziwa cha mama yake. Aliitazama sanamu yetu muda mrefu. "Yenu imefungwa sawa mbuzi ya soko," akasema. "Papa yako anaogopa wataikatala?"

"Haogope. Yetu njo ya muzuri kupita zote."

"Basi fungua tuone. Hata shingo haionekane."

Nilijua maana ya ukanda ule. Hakuna aliyenidanganya. Nilitaka Papa asifiwe, na nilitaka msichana yule anyamaze. Niliufungua, nikaukalia.

Karani alipofika aliuliza, "Hii ni ya nani?"

"Ya Papa yangu."

"Haina ukanda. Munaitoa?"

Nikasema ndiyo. Mkubwa aliinama, akapitisha kidole kwenye lile bega la kushoto, akacheka taratibu na kusema jambo kwa Kifaransa. Karani akanigeukia: "Anasema fundi alikosea bega, lakini anaipenda."

Wazazi waliporuhusiwa kuingia, gari lilikuwa limeshaondoka. Papa alikuta mfuko wa chumvi mahali pa sanamu. "Mapendo, ukanda uko wapi?" Nikajibu kwamba labda ulianguka. Alipiga magoti akapapasa majani pande zote, na mimi sikuinuka nilipokaa. Nyumbani nilimsikia akimwambia Mama, "Ni mimi. Nilifunga vibaya." Mama aliigawa chumvi yote kwa majirani. Papa hakuchonga mtu tena, alichonga michi na vinu tu.

Juzi mjukuu wangu alinipeleka Goma kuona sanamu zilizopangwa katika ua wa nyumba moja. Ni nzuri, na chini ya kila moja wameandika jina la fundi na la kijiji chake. Wakati wetu hakuna aliyeandika. Kama dada yangu hajaliwa na mchwa, amekaa katika nyumba ya watu wasiomjua, wanaodhani bega lake ni kosa la fundi. Mtoto alijipiga picha mbele ya kila sanamu, akarudi kuniuliza kwa nini nimesimama mahali pamoja. Nilimwambia miguu inauma. Hata leo, katika uzee huu, jibu la kwanza kunijia ni la uongo.

Zamani, Papa alipokuwa karibu kufa, nilimwuguza siku nyingi, sisi wawili tu chumbani. Nafasi ya kumwambia nilikuwa nayo. Mchana mmoja aliinua mikono yake akaitazama, akasema, "Hii mikono ilijua tezo. Kufunga kitu haikujuaka."

Nikamwambia, "Pumzika, Papa."