Wiki Niliyokwenda Morogoro Kujifunza Kuanguka

Niliondoka Gairo kwa sababu ya mkono wangu wa kushoto. Ninyi mnaonifahamu mnajua kwamba kwa mdomo sishindwi. Nafundisha fizikia mwaka wa tisa sasa, na hakuna mwanafunzi wa kidato cha nne aliyepita kwangu asiyeweza kuchora bawa la ndege na mishale yake yote. Lakini tangu nianze kujifunza urubani wakati wa likizo, mkono huu umenitia aibu.

Kuna zoezi moja ambalo kila mwanafunzi wa urubani lazima aliweze kabla hajaachiwa ndege peke yake. Unapanda juu, unapunguza nguvu ya injini, kisha unazuia ndege isishuke kwa kuinua pua yake kidogo kidogo, mpaka hewa inashindwa kuyabeba mabawa na ndege inaanguka. Hapo unatakiwa usukume usukani mbele, pua ielekee chini, mabawa yapate hewa upya, uongeze nguvu ya injini, ndipo uinuke taratibu. Kusukuma tu, basi. Mimi navuta. Nikiona ardhi inanijia usoni, mkono unavuta usukani kifuani kama ninayevuta ndoo kisimani, na ndege inaanguka tena, vibaya kuliko mara ya kwanza.

Dar es Salaam nilishindwa mara tatu. Mwalimu wangu, Kapteni Shabani, akanipigia simu kwamba ndege itakuwa Morogoro wiki nzima, na anga la huko lina nafasi, kwa hiyo niende. Nilijiapia kimoyomoyo kwamba nikishindwa na safari hii naacha, nabaki na chaki zangu. Mkuu wa shule alinipa ruhusa ya wiki moja. Wanafunzi walinisindikiza mpaka getini wakipiga makofi, jambo lililozidi kuniharibu, maana walinishangilia kama rubani kamili.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi la kwenda Morogoro. Jirani yangu alikuwa mama mfanyabiashara aliyeweka gunia la karanga katikati ya miguu yetu, likawa letu sote. Tulipofika Dumila alinitazama usoni.

"Pole, mwanangu. Unaenda msibani?"

"Hapana, mama. Naenda masomoni."

"Basi masomo hayo yana jambo," akasema, akanijazia karanga kwenye kiganja.

Baada ya Dakawa milima ya Uluguru ikaanza kuonekana mbele yetu. Mama yangu alizaliwa huko juu, akaolewa na mtu wa Gairo, akafariki nikiwa kidato cha pili. Dada yake, mama mkubwa Koleta, bado analima mboga huko huko mlimani, juu ya Kilakala, mahali ambapo pikipiki inakata tamaa na miguu inaanza. Kila mara nikiiona milima hiyo moyo wangu hulainika, na kila mara huwa nina sababu ya kutopanda. Safari hii sababu ilikuwa ndege.

Jumanne, saa moja asubuhi, nilikuwa uwanjani. Kapteni Shabani ni mzaliwa wa Morogoro mjini, mpole, asiyepandisha sauti hata akigombana. Kabla ya kuwasha injini huweka kiganja juu ya dashibodi na kusema bismillahi, kisha hukutazama kama anayekuuliza nawe umesema nini.

"Mwalimu, umelala?"

"Nimelala, Kapteni."

"Muongo wewe. Haya, twende."

Tuliruka tukaelekea Mikese, mbali na mlima, tukapanda mpaka malori ya barabara ya Dar yakawa madogo kama punje za mtama. Nikapunguza nguvu ya injini. Nikavuta pua juu, polepole, kama kitabu kisemavyo. Usukani ukalegea, king'ora cha onyo kikaanza kulia, mwili wa ndege ukatetemeka, na mimi, Mungu anisamehe, nikaanza kufundisha.

"Pembe ya bawa imezidi!" nilitamka kwa sauti ya darasani. "Hewa imeachana na bawa! Tunatakiwa tupunguze pembe!"

Huku natamka, mkono unavuta. Bawa la kushoto likadidimia, Mikese yote ikahamia dirishani kwangu.

"Naishika!" akasema Kapteni, akachukua usukani. Ndege ilipotulia, akajifuta kipaji cha uso kwa leso. "Mwalimu, ulichosema ni sahihi kabisa. Ulichofanya ndicho kitakachotuzika Mikese."

Tukarudia mara mbili, na mara zote mbili nilivuta. Tuliposhuka aliegemea bawa, akaniambia bila ukali: "Kichwa kimefaulu. Mkono haujasoma. Tuna mpaka Ijumaa, Jumamosi ndege inarudi Dar." Nilikwenda chooni nikalia kidogo, nikanawa uso.

Jumatano asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye paa za nyumba. "Mlima umevaa kilemba," Kapteni akasema kwenye simu. "Leo hakuna kuruka. Katembee." Basi, sababu yangu ya kutopanda ikawa imekwisha. Nikachukua pikipiki mpaka ilipogomea, nikamalizia kwa miguu, mwendo wa saa mbili na nusu, katikati ya migomba na matuta ya kabichi yaliyoning'inia kwenye mteremko.

"Tumsifu Yesu Kristo," nilibisha hodi.

"Milele amina. Nani huyo?"

"Shikamoo, mama mkubwa. Ni Sesi."

"Marahaba! Sesi wa Gairo? Basi leo jogoo atataga!"

Alinikumbatia kwa mikono yake ya udongo, kisha akanipa magimbi ya moto na kikapu cha njegere nimenye. Nikamweleza kilichonileta. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mnapanda juu, halafu mnaiangusha makusudi?"

"Ndiyo, mama mkubwa. Ili siku ikianguka yenyewe tujue cha kufanya."

"Na wewe unaipenda kazi hiyo?"

"Naipenda sana. Ila naogopa kuanguka."

Akachota njegere kikapuni mwangu, akaanza kumenya. "Shamba la mama yako lipo. Unajua kwetu ardhi inafuata upande wa mama, na mama yako hakuacha binti mwingine. Mimi wangu ni wa kiume watupu. Miaka yote hii nalishika, magoti ndiyo haya. Ukishindwa huko angani, mwanangu, njoo huku. Sitakusikitikia, nitafurahi."

Nilimpenda mno jioni ile, kiasi kwamba kwa muda mfupi nilitamani nishindwe.

Alhamisi kulipopambazuka, mawingu yakiwa bado yamezuia ndege, tulianza kushuka kupeleka mboga sokoni. Alinipa kata ya majani ya migomba niweke kichwani, na juu yake tenga dogo la karoti. Lake lilikuwa kubwa mara mbili, na ana miaka sitini na kitu. Mvua ilikuwa imenyesha, njia nyembamba na nyekundu, inateleza kama sabuni. Hatukufika mbali. Mteremko wa kwanza nikauogopa, nikaegemea nyuma, miguu ikatangulia, nikakaa chini kwa kishindo. Karoti zikakimbia kuelekea Kilakala.

Mama mkubwa alicheka mpaka akashika mgomba. Tukaokota. Mteremko wa pili nikaegemea nyuma zaidi, na nikakaa chini mapema zaidi.

"Mtu wa Gairo!" akasema. "Kwa nini unaupa mlima mgongo?"

"Naogopa kuanguka kwa mbele."

"Umeshamwona nani hapa ameanguka kwa mbele? Wote wanaoanguka wanaanguka kama wewe, kwa kujivuta nyuma. Ukijivuta, kisigino kinakosa pa kushika. Legeza magoti. Kifua kiende mbele, mlima unakokwenda. Ukiteleza usibishane nao, ufuate hatua tatu nne fupi, utasimama mwenyewe."

"Mama mkubwa, hilo ni—"

"Acha kuongea. Ukiongea unakaza shingo. Tembea."

Mteremko wa tatu ulishuka kwenye kijito. Kisigino kikateleza. Nilisikia mwili wote ukitaka kurudi nyuma, nikaukatalia. Nikaelekeza kifua chini, kule nilikokuogopa, miguu ikapiga hatua nne za haraka, na ghafla nilikuwa nimesimama kwenye jiwe la kijito, karoti zote kichwani.

"Haya," akasema mama mkubwa nyuma yangu. "Leo ndiyo umezaliwa kwetu."

Akaniteremsha njia ile yote bila kunisaidia tena, ila nilisikia anavyohesabu hatua zangu kwa Kiluguru. Sehemu mbili zenye utelezi alinirudisha juu nizirudie. Hapo ndipo nilipoanza kumtazama vizuri. Huyu aliyetaka nishindwe ndiye aliyekuwa ananifundisha kwa moyo wote.

Ijumaa, saa moja na nusu, anga lilikuwa jeupe. Kapteni akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasema bismillahi, akanitazama. Mimi sikusema kitu.

Juu ya Mikese nikapunguza nguvu ya injini. Pua ikapanda, usukani ukalegea, king'ora kikalia. Ndege ikatetemeka, kisha pua ikaanguka na ardhi ikanijia usoni kama siku zote. Mkono ulitaka kuvuta, niliusikia kabisa ukitaka. Nikalegeza magoti, ingawa magoti hayana kazi hapo, nikapeleka kifua na usukani mbele, kule chini nilikokuogopa. King'ora kikanyamaza. Nikasukuma kishikio cha injini, nikanyoosha mabawa kwa pedali, na ndege ikaanza kunibeba. Nikaivuta juu polepole, kwa vidole.

"Rudia," Kapteni akasema. Nikarudia. "Tena." Safari hiyo bawa la kushoto likadidimia kama Jumanne, na bado nikasukuma. Niligundua mashavu yangu yamelowa, sijui tangu saa ngapi.

"Leo umekaa kimya, Mwalimu," akasema. "Nani kakufundisha?"

"Mama yangu mkubwa."

"Kumbe ni rubani?"

"Anauza karoti."

Akacheka mpaka Mikese ikaisha chini yetu. Tulipotua akaandika kwenye daftari langu kwamba zoezi nimeliweza, na kwamba nikirudi tutaanza maandalizi ya kuruka peke yangu.

Jumamosi asubuhi, stendi ya Msamvu, nilikuta mama mkubwa amenitangulia, amekaa juu ya tenga lake kando ya basi la Dodoma linalopita Gairo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia taratibu, kwa sababu nilijua ushindi wangu una maana gani kwake. Hakuniuliza kama nimefaulu.

"Uliupa mgongo?"

"Hapana, mama mkubwa. Niliufuata."

Akatazama chini, akarekebisha kanga. Kisha akanisukumia mfuko wa karoti. "Hizi na zile ulizozimwaga juzi zote zimetoka shamba la mama yako. Nitakulimia mimi, magoti yakiniruhusu, na wanangu watanisaidia. Ardhi haikimbii. Wewe endelea kuanguka, mradi unainuka."

Nilimkumbatia mpaka kondakta akatupigia kelele.

Nimerudi Gairo, na wanafunzi wananiuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba nilikuwa nayajua maneno yote na bado nilikuwa sijui. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kukutaka ubaki naye na bado akakufundisha kuondoka, na kwamba upendo wa namna hiyo haulipiki ila kwa jembe. Likizo ijayo nitapanda kwanza mlimani, nipalilie tuta langu, ndipo niende uwanjani. Karoti za mama zimebaki saba hapa mezani kwangu, kwenye ofisi ya walimu. Njooni mzionje kabla sijazimaliza peke yangu.