Bega la Sitini na Nne

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya uchaguzi nilipewa vitu vitatu: rula, kalamu nyekundu na karipio. Ilikuwa Kanama, kwenye darasa la shule ya msingi lililonuka maharagwe, maana wazazi walikuwa wameanika mavuno yao humo. Mratibu wa Wilaya, mtu mnene aliyekulia Masisi, upande wa Goma, alinikuta najaribu ile kalamu kwenye kiganja changu.

"We! Hiyo kalamu haiko ya kuchezea. Bon, sikia. Ya bluu iko ya wale wenye wako wazima. Nyekundu iko ya wafu. Mutu ukimupitisha hiyo, hata akuje na miguu yake mbili, hapigi kura."

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tano, na walimu ndio tuliokuwa tukichukuliwa kusimamia vituo, kwa kuwa tunajua kuandika na watu wametuzoea. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania. Kiswahili changu kilimchekesha sana Mratibu, akawa ananiita Mwalimu wa Redio. Nilimwogopa, lakini kazi alinifundisha vizuri kuliko mtu mwingine yeyote.

Nyinyi vijana mnafikiri uchaguzi ni siku moja. Uchaguzi ni daftari. Tulikuwa tunaanza miezi kabla, Jumamosi ya mwisho wa mwezi baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kufyeka na kuzibua mitaro. Watu wanaketi kwenye nyasi na majembe yao, na msimamizi anasoma majina ya umudugudu mzima, yaani ya kijiji, moja baada ya jingine. Aliyepo anaitika. Aliyehama, majirani wanasema amehamia wapi. Na aliyefariki, Mratibu alitufundisha sheria ya vinywa vitatu: majirani wawili na mtu mmoja wa nyumba yake wathibitishe, kila mmoja kwa mdomo wake. Pembeni ya jina kulikuwa na visanduku vitatu vidogo vya kuandika nani amesema.

"Majirani wanachoka na mutu," aliniambia. "Wa nyumbani ndiye hachoki. Kama hajasema, donc bado iko muzima."

Kutoka Kanama nilihamishiwa mjini, kituo kisicho mbali na Grande Barrière, lile lango kubwa la mpakani. Huko Katibu Mtendaji wa sekta, yaani kata, alikuwa mama aliyerudi kutoka Uganda, mkali wa saa kama kengele ya shule. Asubuhi kabla ya kufungua mlango tuliinua sanduku la kura, tukalipindua juu chini mbele ya watu waliotangulia, kuwaonyesha kwamba ni tupu, kisha tukalifunga kwa lakiri. Wafanyabiashara wanaovuka kwenda Goma walikuwa wakipiga kelele, "Tumeona, tumeona, fungeni tupige tuende!" Katibu hakuwasikiliza. Alinilazimisha niingize mkono ndani, nipapase pembe zote nne.

Nitasema jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Kila nilipopapasa lile sanduku, nywele zilinisimama. Najua lilikuwa tupu. Lakini chumba cha kura kabla ya mtu kuingia kina hali yake, kama nyumba ambayo wenyewe wametoka sasa hivi na chai bado ina mvuke. Nilizoea, nikajiambia ni njaa ya alfajiri.

Halafu nikapelekwa Nyamyumba, kando ya ziwa, na huko ndiko nilikofanya kosa langu.

Kulikuwa na mwanamke aitwaye Konsolata, muuza nanasi, mjane mwenye binti mmoja, Esperansi. Alikuwa anapanda mtumbwi wa abiria kwenda kisiwa cha Ijwi kununua mzigo. Siku moja upepo ulichafuka ziwani, na mtumbwi ule haukufika popote. Wengine walipatikana. Konsolata hakupatikana, wala kitambaa chake.

Tulipofika jina lake siku ya kusoma daftari, majirani wawili walisema, "Amekufa." Nikageuka kwa Esperansi. Alikuwa ameketi na jembe mapajani, udongo wa umuganda bado uko miguuni.

"Mi sijaona maiti ya mama," alisema. "We uliiona, Mwalimu? Hapana. Basi munamufuta namna gani?"

Nilimwonea huruma, kweli. Lakini daftari lilitakiwa wilayani kabla ya jioni, na mimi nilikuwa na sifa ya kupeleka karatasi safi zisizo na visanduku vitupu. Watu walipotawanyika niliweka rula, nikavuta mstari mwekundu juu ya jina la Konsolata. Kwenye kisanduku cha tatu niliandika: familia imethibitisha. Huo ulikuwa uongo. Mratibu alipolipokea alipiga daftari kofi la upendo. "Daftari ya Mwalimu wa Redio, haina doa!" Nikafurahi. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba nilifurahi.

Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi wa mkuu wa umudugudu. Hapo ndipo uwakilishi wote unapoanzia, maana wanaochaguliwa vijijini nao huchagua wengine ngazi za juu. Uchaguzi huu haukuwa wa karatasi. Watu walipanga mstari nyuma ya wanayemtaka. Kwetu wagombea walisimama wakitazama ziwa, wamewapa watu mgongo, na ilikuwa marufuku kugeuka, wasije wakajua nani kawaacha. Msimamizi alipita nyuma ya mstari akihesabu kwa kugusa bega. Mratibu alitufundisha tutazame mabega tu, tusitazame nyuso, ili asiwepo wa kuona haya.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni Fideli, askari mstaafu. Mwingine ni Esperansi. Alikuwa akiutaka ukuu ule kwa nguvu zake zote, kwa sababu alikuwa ameahidi kwamba mtumbwi wa abiria hautaondoka tena kwao bila maboya.

Walioitika kwenye daftari asubuhi ile, mbali na wagombea wawili, walikuwa mia moja ishirini na sita. Nikahesabu mstari wa Fideli: sitini na tatu. Nikaenda kwa Esperansi. Mvuke wa chemchemi za maji moto ulikuwa unapanda kutoka chini, jua limeshawaka, nyasi kavu kabisa. Nikagusa bega moja moja. Baada ya bega la fundi mmoja wa matofali niligusa bega lililolowa. Kitenge kilikuwa kimelowa chepechepe, na baridi yake ilipanda hadi kwenye kiwiko changu. Sikuinua macho. Nikaendelea hadi mwisho. Sitini na nne.

Nikarudia. Sitini na nne. Nikarudia kutoka nyuma. Bega lilikuwa palepale, linachuruzika maji.

"Vipi, Mwalimu?" Fideli aliuliza bila kugeuka. "Shida iko wapi?"

"Amezidi mtu mmoja," nikasema.

Nikaita majina yote upya. Wote mia moja ishirini na sita wakaitika. Mmoja hakuitika, kwa sababu sikumwita, na sikumwita kwa sababu jina lake nililifuta mwenyewe. Fundi alikuwa amefumba macho. Mama aliyesimama nyuma ya ile nafasi alikuwa anasema kimyakimya, "Mana yanjye, Mana yanjye," Mungu wangu, Mungu wangu. Hakuna aliyekimbia. Nafikiri waliogopa kutoka kwenye mstari kuliko kubaki.

Kwa bega lile Esperansi alikuwa ameshinda. Ningeandika sitini na nne, nani angenipinga? Lakini nilijua ni swali gani nilikuwa sijauliza kwa haki mwaka mzima. Nikaenda mbele, nikasimama kando ya Esperansi, wote wawili tukitazama ziwa.

"Mwanangu," nilimwambia, na sauti yangu ilisikika na kila mtu, "daftarini niliandika kwamba ulisema mama yako amefariki. Nilidanganya. Sasa nakuuliza. Yuko hai, au amefariki?"

Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Iko nyuma yangu?" aliuliza polepole.

"Sikutazama uso."

"Mi nasikia harufu ya nanasi tangu asubuhi." Akavuta pumzi. "Nikisema iko muzima, nashinda?"

"Unashinda."

"Na yeye atabaki anasimama hapo tu, kila mara munapanga mustari?"

Esperansi aliinamisha kichwa. Alitaka kugeuka, niliona shingo yake inavyohangaika, na hakugeuka.

"Amekufa, Mwalimu," alisema. "Mama yangu amekufa. Andika."

Nikarudi kuhesabu. Baada ya bega la fundi mkono wangu uliangukia hewani. Kati yake na yule mama kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na nyasi za hapo zilikuwa zimelowa. Sitini na tatu. Walikuwa sawa kwa sawa, kwa hiyo tukapanga upya kama ilivyotakiwa. Wawili wakahamia kwa Fideli, na Esperansi akashindwa.

Kabla hatujaondoka alikuja mezani. Nilikuwa nimekata lile neno langu la uongo kwa bluu. Alichovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza ndani ya kisanduku cha tatu, akakiacha pale muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Ungeniuliza mara ya pili tu, Mwalimu. Siku moja ningejibu."

Nilikwenda mwenyewe kwa Mratibu kumwambia nilichoandika. Hakunikaripia. Alichukua kalamu yangu nyekundu, akaifunga kwenye droo, na tangu hapo hadi kustaafu nilifanya kazi ya kupindua masanduku.

Sasa mimi ni mzee, naishi peke yangu hapahapa Nyamyumba, sauti imepungua na macho ndiyo hayo. Siku hizi majina yanasomwa kutoka kwenye simu, mambo ya haraka haraka. Jumamosi ya mwezi uliopita tuliketi kwenye nyasi kama zamani. Binti mmoja wa ofisini alisoma jina langu. Niliitika. Akasoma tena, akitazama huku na huku, macho yake yakanipita. Niliinua mkono na kuitika kwa nguvu zote nilizo nazo.

"Uyu muzee Mwalimu, bado iko?" akawauliza watu. Jirani mmoja akatikisa kichwa, kwamba hajui, hajaniona siku nyingi. Wa pili naye hivyohivyo. Kilibaki kinywa cha tatu, cha mtu wa nyumbani, na nyumbani kwangu hakuna mtu.

Baridi ile ya zamani ikanipanda hadi kwenye kiwiko. Ndipo nikasikia mtu anainuka nyuma yangu, na mkono mkavu, wa moto, ukakaa juu ya bega langu.

"Iko hapa, mi namugusa," alisema Esperansi. "Usimufute."